Skrini ya LED ya P10: herufi zinaungana na nembo inavunjika. Picha zichorwe kwa ukubwa gani?

mpanga_matangazo

Wakuu, naomba msaada wa wenye ujuzi. Skrini ni ya LED, ya nje, aina ya P10, upana 3.84 m na kimo 1.92 m, imefungwa juu ya lango. Wasomaji wako kati ya 15 m na 60 m. Wengine wanatembea, wengine wamo kwenye magari yanayopita kwa kama 40 km/h. Kinachoonyeshwa ni matangazo ya mikutano (kichwa, siku, saa, mahali), nembo, na mara nyingine picha ya msemaji.

Kazi inachorwa kwenye turubai ya 1920×1080, inahifadhiwa kwa JPEG, halafu inachezwa kutoka kompyuta kupitia HDMI na prosesa ya video. Kwenye kompyuta kila kitu ni safi. Kwenye skrini herufi ndogo zinaungana, 6 na 8 hazitofautiani, nembo inatoka vipande vipande, maandishi mekundu juu ya bluu yana ukungu, na usiku nyeusi inaonekana kijivu.

Maswali yangu: turubai iwe ya ukubwa gani, herufi ziwe na kimo gani, rangi zipi zinasomeka, na nitajuaje kabla ya kurusha kwamba tangazo litasomeka?

---

nukta_kwa_nukta

Mkuu, anza na hesabu ya pikseli, kwa sababu ndiyo inayoamua mengine yote. P10 maana yake kutoka katikati ya nukta moja hadi katikati ya nyingine ni 10 mm. Kwa hiyo 3.84 m ni pikseli 384, na 1.92 m ni pikseli 192. Jumla ni pikseli 73,728. Turubai yako ya 1920×1080 ina 2,073,600, yaani mara 28 zaidi. Kila nukta ya skrini inalazimika kuwa wastani wa nukta 28 ulizochora, na wastani huo ndio ukungu unaouona.

Fuata herufi moja uone. Upana wa 1920 ukishuka hadi 384, kila kipimo kinagawanywa kwa 5. Herufi yenye kimo cha pikseli 40 inabaki na 8. Mstari wake wenye unene wa 3 unabaki na 0.6, na hakuna nusu ya taa ya LED, kwa hiyo unawaka hafifu au unagawanyika kwenye nukta mbili jirani. Tundu la ndani ya "e" lililokuwa na pikseli 4 linajaa. Juu ya hayo, 1080 ikigawanywa kwa 5 ni 216 na wewe una 192, hivyo ama unakatwa safu 24 ama picha inabanwa kwenda chini na duara zote zinakuwa mayai.

Turubai iwe 384×192. Hiyo hiyo, bila kuzidisha. Ukiwa unachora kuza mwonekano hadi 300% au 400% ili uone, lakini faili lenyewe libaki 384×192 mwanzo hadi mwisho.

Sasa kimo cha herufi. Kuna mipaka miwili na unachukua ule mkubwa.

Wa kwanza unatokana na umbali. Jicho lisilo na kasoro husoma herufi iliyo na kimo cha dakika 5 za pembe (dakika moja ni sehemu ya 60 ya digrii), ambayo kwa 60 m ni kama 87 mm, sawa na pikseli 9. Huo ni ukomo wa mtu aliyesimama akikazia macho. Kanuni za alama za barabarani Marekani zimetumia kipimo cha inchi 1 ya herufi kwa kila futi 30 za umbali, yaani karibu 28 mm kwa kila 10 m. Kwa 60 m unapata 167 mm, pikseli 17. Mimi ningeweka 20 ili kuwe na nafasi ya mvua, vumbi na macho yaliyochoka.

Mpaka wa pili unatokana na gridi yenyewe. Herufi kubwa haiwezi kuumbika vizuri chini ya pikseli 7 kwa kimo na 5 kwa upana. Herufi ndogo zenye mikia, kama g, j, p na y, zinahitaji safu 2 zaidi. Kwa msomaji wa 15 m hesabu ya umbali inakupa 42 mm, yaani pikseli 4, lakini pikseli 4 hazichori "B". Ndiyo maana kwenye skrini ya aina hii kusogea karibu hakumsaidii mtu kusoma maandishi madogo. Tena akiwa ndani ya 34 m ataanza kuona nukta moja moja badala ya mstari, kwa sababu 10 mm huunganika kuwa kitu kimoja machoni kuanzia kama 34 m.

Herufi ya pikseli 20 kwa kimo ina upana wa kama 14, ongeza nafasi ya 3, ni 17. Acha pembezoni 8 kila upande, unabaki na 368, sawa na herufi 21 kwa mstari. "JUMAMOSI SAA 3:00 ASUBUHI" ni nafasi 25, haiingii. Usiibane ili iingie, ivunje. Mpangilio unaokaa vizuri kwenye safu 192 ni huu, safu zikihesabiwa kutoka 0 juu:

Safu 18 hadi 37: MKUTANO WA WAZAZI
Safu 54 hadi 73: JUMAMOSI
Safu 94 hadi 133: SAA 3:00 (kimo 40)
Safu 154 hadi 173: ASUBUHI, UKUMBINI

Saa imepewa kimo cha 40 kwa sababu ndiyo mtu anayoitafuta akiwa mbali zaidi, na tarakimu zikikosewa hakuna sentensi ya kumsaidia kubahatisha. Kwenye pikseli 20, unene wa mstari uwe 3. Ukitumia fonti nene sana matundu ya 6, 8, a na e yanaziba, na hapo ndipo 6 na 8 zinapofanana. Chagua fonti isiyo na vikia kwenye miguu ya herufi, yenye midomo iliyo wazi kwenye c, e na s. Verdana ilichorwa na Matthew Carter mahususi kwa skrini za kompyuta za miaka ya 1990, na bado inafaa hapa kwa sababu ni pana na herufi zake haziegemeani. Zima ulainishaji wa kingo, yaani zile nukta za rangi ya kati ambazo programu huweka pembeni mwa herufi.

Neno la Kiswahili limejaa "a". Fonti ambayo "a" yake ndogo inaziba itaharibu nusu ya tangazo, hivyo jaribu neno kama "taarifa" kabla ya kuikubali. Na ile alama ya ng', kwa kimo cha 20, iwe na upana wa pikseli 2 na ipewe nafasi ya 2 kila upande. Ikiachwa kama fonti inavyotaka, kutoka mbali haipo.

---

fundi_wa_njia

Naunga mkono, ila kabla hujachora upya hata herufi moja, hakikisha njia kutoka kompyuta hadi taa haibadilishi ukubwa popote. Unaweza kuchora 384×192 safi kabisa na prosesa ikaikuza hadi 1920 kisha ikaishusha tena.

Tengeneza picha ya majaribio ya 384×192, PNG. Nusu ya kushoto iwe na mistari ya wima: safu moja nyeupe, moja nyeusi, moja nyeupe, hivyo hivyo. Nusu ya kulia mistari ya mlalo ya namna ileile. Zungusha ukingo mwekundu wa pikseli 1 pande zote nne, kwenye safu ya mwisho kabisa.

Irushe, usogee karibu na skrini. Kila mstari mweupe ukiwa safu moja ya taa, njia ni sawa. Ukiona mikanda mipana ya kijivu inayokolea na kufifia, mahali fulani kuna kupunguza au kukuza. Ukingo mwekundu ukikosekana upande mmoja, picha imehama. Ukikosekana pande zote, kadi ya picha au prosesa inakata kingo kama televisheni za zamani.

Vya kuangalia ni hivi. Kwenye kompyuta, ukuzaji wa maandishi na madirisha uwe 100%, kwani 125% au 150% inaharibu ulinganifu wa nukta kwa nukta bila kukuambia. Rezolusheni ya HDMI inaweza kubaki 1920×1080; kadi ya kutuma, ile inayopeleka picha kwenye taa, huchukua kipande cha picha kinacholingana na skrini, mara nyingi kona ya juu kushoto. Kwa hiyo programu ya kucheza iwe na dirisha la 384×192 lililowekwa kwenye 0,0. Kwenye prosesa, zima kupanua na weka kukata kipande cha 384×192 kutoka kona hiyohiyo. Kama unatumia kicheza faili kisicho na kompyuta, ukubwa wa skrini ndani ya programu yake uandikwe 384×192, na chaguo la kunyoosha au kujaza lizimwe.

Nyeusi kuwa kijivu usiku: karibu kila mara ni masafa ya rangi kwenye HDMI. Kuna mfumo unaotumia 16 hadi 235 na mwingine 0 hadi 255. Kompyuta ikituma ule wa kwanza na upande wa pili ukasubiri ule wa pili, nyeusi inafika kama 16 na taa zinawaka kidogo badala ya kuzimika, na nyeupe inafika kama 235, imepoa. Weka masafa kamili pande zote mbili, siyo upande mmoja.

JPEG acha kabisa kwa maandishi. Inakata picha katika miraba ya pikseli 8×8. Kwenye picha kubwa huioni, lakini hapa mraba mmoja ni sentimita 8 kwa 8 ukutani, na herufi ya kimo cha 20 inakaa kwenye miraba miwili na nusu. Yale mawimbi yanayozunguka herufi ni kazi yake. Pia JPEG nyingi hupunguza taarifa za rangi kwa nusu kila upande na kubakiza mwanga tu kwa ukamilifu. Nyekundu juu ya bluu hutegemea rangi, mwanga wao haujapishana sana, ndiyo maana ukungu umejitokeza hapo kuliko kwingine. Tumia PNG.

Video ina ugonjwa uleule, kwa sababu H.264, njia ya kawaida ya kubana video, nayo hupunguza rangi kwa nusu. Kama programu yako inaruhusu tabaka, cheza video chini na uweke maandishi juu kama PNG isiyo na mandharinyuma, ili video ionekane nyuma ya herufi. Isiporuhusu, maandishi ndani ya video yawe meupe juu ya giza, na hakuna mstari wa rangi ulio chini ya pikseli 2.

---

rangi_na_mwanga

Nije kwenye rangi. Jicho halipimi mwanga wa rangi zote sawasawa. Kwa viwango vya kawaida vya skrini, kijani huchangia karibu 72% ya mwangaza wa nyeupe, nyekundu 21%, na bluu 7% tu. Kwa hiyo bluu tupu juu ya nyeusi ni hafifu hata taa zikiwaka kwa nguvu zote, na kwa mbali jicho pia hushindwa kuikazia vizuri.

Tumia ile hesabu ya kontrasti wanayotumia watu wa tovuti, ambapo 4.5 kwa 1 ndicho kiwango cha chini kwa maandishi ya kawaida. Nyekundu juu ya bluu inatoa 2.15. Kijani juu ya nyekundu 2.9. Hizo zote zitupe. Nyekundu juu ya nyeusi ni 5.25, inapita lakini iache kwa neno moja la onyo. Nyeupe juu ya bluu kamili ni 8.6. Njano juu ya nyeusi ni 19.6. Ukiishusha bluu ya mandharinyuma hadi 0, 0, 90 (nyekundu 0, kijani 0, bluu 90), nyeupe juu yake inafika kama 18, na bado watu wanaiona kuwa bluu. Kwa skrini ya nje huu ndio mchanganyiko ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu una rangi na hauli herufi.

Usisahau kwamba hesabu hizo ni za giza. Mchana jua likipiga uso wa skrini, nyeusi yenyewe inakuwa kijivu, na kila uwiano unashuka. Rangi zinazopishana kidogo ofisini hazina uhai saa sita mchana. Ndiyo sababu nasema lenga 7 au zaidi, siyo 4.5.

Mandharinyuma meupe yana matatizo matatu. Usiku yanaumiza macho ya dereva. Mwanga humwagika kutoka nukta inayowaka kwenda jirani iliyozimwa, hivyo herufi nyeusi juu ya nyeupe zinaliwa kingo na zinaonekana nyembamba; ukilazimika kuzitumia, unene uwe 4 badala ya 3. Kinyume chake herufi nyeupe juu ya giza zinanenepa, na ndiyo maana nafasi ya 3 aliyotaja mwenzangu hapo juu isipunguzwe. La tatu ni umeme: nyeupe inawasha taa zote tatu kwa wakati mmoja, na huo ndio mzigo mkubwa kuliko yote. Nyaya za 5 V zikiwa nyembamba au ndefu, volti hushuka kwenye moduli za mwisho (moduli ni vile vipande vinavyounganishwa kuwa skrini). Taa nyekundu inahitaji karibu 2 V, kijani na bluu karibu 3 V, kwa hiyo hizo mbili ndizo zinazodhoofika kwanza na nyeupe inageuka kuwa ya pinki au ya manjano pembeni. Ukiona hivyo usihangaike na rangi kwenye faili. Washa nyeupe skrini nzima, pima volti kwenye moduli ya mwisho, na ikiwa imefika karibu 4.5 V nyaya ziongezwe unene au pawa saplai zisogezwe karibu.

Mandharinyuma yanayofifia taratibu kutoka bluu hadi nyeusi yaache. Ung'avu ukishushwa usiku, ngazi za chini za rangi zinapungua, na ule mfifio laini unakuwa mikanda mitano au sita yenye kingo. Kwa ujumla thamani zilizo chini ya 30 hadi 40 zichukulie kuwa zimezimwa. Kivuli chini ya herufi nacho ni hivyo hivyo: hakiinui herufi, kinachafua nafasi uliyoiacha.

Ung'avu wenyewe uwe na ratiba au kihisi cha mwanga. Skrini za nje nyingi hufika 5,000 nit (kipimo cha ung'avu) kwa ajili ya jua. Usiku kiwango hichohicho kinaunganisha herufi zote kuwa wingu la mwanga, hata kama umechora vizuri kiasi gani. Mia chache zinatosha.

---

mpanga_matangazo

Shukrani sana wakuu. Jaribio la mistari limetoa mikanda ya kijivu, kwa hiyo prosesa ilikuwa inabana picha, na masafa ya HDMI hayakuwa sawa. Sasa ni nukta kwa nukta na nyeusi imekuwa nyeusi.

Yamebaki haya. Nembo ni ya mviringo, ina maneno yanayozunguka ukingo, herufi kama 30, na michoro myembamba katikati. Picha za watu nazo zina matope. Pia naombwa niweke msimbo wa QR, na wengine wanataka maandishi yanayotembea. Halafu nikizima ulainishaji wa kingo kwenye herufi za kimo cha 40 naona ngazi kwenye W na A. Niuache wazi au nizime?

---

mchora_nembo_ndogo

Kwenye ulainishaji wa kingo natofautiana kidogo na nukta_kwa_nukta. Chini ya kimo cha 24 zima, hapo hatuna ubishi. Juu ya hapo, hasa kwenye mistari ya mshazari kama V, W, A na K, unasaidia, lakini angalia kwanza gama ya kadi ya kudhibiti, yaani namba inayoamua thamani ya rangi itoe mwanga kiasi gani. Nukta ya ukingo yenye thamani 128 haitoi nusu ya mwanga. Gama ikiwa 2.2 inatoa kama 22%, na ikiwa 2.8 inatoa kama 15% tu. Yaani nukta uliyoweka ili kulainisha inakaribia kuzimika, na herufi nyeupe inakonda kwa karibu nusu pikseli kila upande. Weka gama kwenye 2.2 halafu washa ulainishaji kwa zile za 40 peke yake. Kama huwezi kubadili gama, paka nukta za ukingo kwa mkono thamani ya 190 hivi badala ya 128.

Nembo usiipunguze. Ichore upya. Kwenye nafasi ya 64×64, duara la maneno lina nusu kipenyo cha kama 28, mzunguko wake ni pikseli 176. Herufi 30 zinapata chini ya pikseli 6 kila moja, tena zimelazwa kwa pembe ambazo gridi haizijui. Hakuna fonti wala ukali wa picha utakaoziokoa. Toa maneno, bakiza umbo, na kama jina ni lazima liandike kwa mlalo pembeni kwa kimo cha 20.

Katikati ya nembo chagua kitu kimoja ambacho watu huitambulia nembo hiyo, kichore kwa rangi zisizozidi tatu, mistari ya pikseli 2 au zaidi. Mistari ya mshazari iende kwa ngazi za kawaida: moja kwa moja, au mbili kwa moja, au tatu kwa moja. Mstari unaopanda kwa 2, 3, 2, 2, 3 huonekana umevunjika hata ukiwa mnene. Duara lichore robo moja, kisha uigeuze kwa pande nyingine, ili pande zote zilingane. Na mwenye nembo aelezwe mapema kwamba hili ni toleo la skrini, si kubadilisha nembo. Kazi nyingi nzuri hukwama hapo kwa kukosa maelezo ya dakika mbili.

Mstari mwembamba wa kutenganisha sehemu usiuweke kwenye mpaka wa moduli. Moduli za P10 ni 32×16, kwa hiyo mipaka ya mlalo iko kati ya safu 15 na 16, 31 na 32, na kuendelea. Moduli zikiwa zimepishana hata milimita moja, mstari uliokaa mpakani unaonyesha hitilafu yote. Uweke katikati ya moduli, mfano safu 39 na 40 au 87 na 88.

Picha za watu: kata kichwa na mabega tu, uso wenyewe ujaze kama pikseli 110 hadi 120 kwa kimo. Mtu mzima aliyesimama kwenye safu 192 ana uso wa pikseli 25, hatambuliki. Ondoa kilicho nyuma yake, weka rangi moja ya giza, kwa sababu majani, mapazia na vitabu vinageuka kuwa nukta zinazometameta na ndiyo matope unayoyasema. Punguza ukubwa mara moja tu, kutoka picha asili hadi kipimo cha mwisho, siyo hatua kwa hatua. Baada ya hapo ongeza kontrasti, inua kidogo vivuli vya macho na mdomo, hasa kwa ngozi nyeusi, maana sehemu zilizo chini ya 40 zitazimika na uso utapoteza umbo. Noa kidogo sana, kwa nusu kipenyo kisichofika pikseli 1. Ukinoa kupita kiasi, au ukitumia njia ya kupunguza ukubwa iitwayo Lanczos kwenye picha yenye kingo kali, unapata utepe mweupe wa pikseli 1 kuzunguka kichwa, na utepe huo ukutani ni sentimita nzima.

Maandishi juu ya uso au nguo, hapana. Yape eneo lake lenye rangi moja.

---

nukta_kwa_nukta

Nakubali hoja ya gama, thamani ya 190 ni sahihi zaidi kuliko kuzima kabisa kwenye herufi za 40.

Kuhusu QR, fanya hesabu kabla ya kukubali ombi. Simu nyingi husoma msimbo kutoka umbali wa kama mara 10 ya upana wake. Msimbo wa toleo la 3 una miraba 29 kwa 29 na unabeba hadi herufi 53 kwa kiwango cha chini cha urekebishaji, unatosha kwa anwani fupi. Mpe kila mraba pikseli 5: ni 145, ongeza ukingo mtupu wa miraba 4 kila upande, jumla 185. Umejaza kimo chote cha skrini, na bado unasomeka hadi kama 14 m tu. Msomaji wako wa karibu yuko 15 m. Kwa hiyo kwenye skrini hii QR haina kazi. Uchapishwe kwenye karatasi getini. Ikilazimika, ichukue slaidi nzima kwa sekunde 15 au zaidi, idadi ya pikseli kwa mraba iwe namba kamili, nyeusi juu ya nyeupe na si kinyume, na nyeupe uishushe hadi kama 160. Ikiwa kali, kamera ya simu inamwaga mwanga na miraba myeusi inamezwa.

Maandishi yanayotembea yanasomeka yakisogea pikseli kamili kwa kila fremu. Kwa fremu 60 kwa sekunde, pikseli 1 kwa fremu ina maana herufi inavuka skrini kwa sekunde 6.4, na pikseli 2 kwa sekunde 3.2. Ukichagua 1.5, kila mstari wa wima unacheza kati ya safu mbili na herufi zinatetemeka. Faili likiwa la fremu 30 na skrini inakwenda 60, bado ni sawa. Likiwa la 25, mwendo unaruka. Programu nyingi hukuuliza "kasi" kwa namba isiyoeleza kitu. Pima kwa saa herufi moja inavyovuka, gawanya 384 kwa sekunde hizo, kisha kwa idadi ya fremu, urekebishe mpaka upate namba kamili.

Ila kwa wenye magari usitembeze kitu. Kwa 40 km/h gari linaenda 11 m kwa sekunde. Kutoka 60 m hadi 15 m dereva ana sekunde 4, na hapaswi kuzitumia zote kwako. Anapata maneno matatu au manne yaliyotulia. Slaidi mbili za sekunde 8 kila moja maana yake robo ya madereva hawataona siku na robo nyingine hawataona saa, hivyo siku na saa zikae slaidi moja daima. Mabadiliko ya slaidi yawe ya kukata, si ya kufifia. Sekunde moja ya kufifia ni robo ya muda wake.

Kujua kabla ya kurusha: kioo cha kompyuta cha inchi 24 chenye 1920×1080 kina nukta za 0.277 mm. Skrini yako ina 10 mm. Uwiano ni karibu 36. Fungua faili la 384×192 kwa 100%, litakuwa na upana wa kama sentimita 10.6, kisha simama mita 1.66 kutoka kwenye kioo. Unaona tangazo kwa ukubwa uleule ambao mtu wa 60 m ataliona. Kwa 15 m ni sentimita 42. Usitumie simu kwa jaribio hili, pikseli zake ni ndogo mno na nyingi hukuza picha zenyewe. Mwite mtu asiyelijua tangazo, mwonyeshe kwa sekunde 4, funga, muulize siku na saa. Akisema "saa 8" na wewe uliandika 6, rudi kwenye tundu la tarakimu hiyo: fungua mdomo wa 6 kwa pikseli 2 zaidi, umjaribu mtu mwingine.